Utubora Mkulima: tumuenzi Shaaban Robert, sisi tuliotoka shamba la mawe, Nairobi

#1 Mwenye uzi

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa na jambo hili moyoni miaka kadhaa na leo nimeona nilitoe lote.

Mwisho wa mwezi mmoja mwaka 2018 nilikuwa nashuka Tom Mboya Street kutafuta matatu ya Umoja. Kando ya njia palikuwa na mmoja wa wale wauzaji wa vitabu vya inama, vitabu vimetandazwa juu ya gunia, ukitaka kuchagua huna budi uiname. Katikati ya vitabu vya marudio vya KCPE, mtihani wa darasa la nane, na Biblia zilizochakaa nikaona kijitabu kisicho na jalada la mbele. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa shule uliofifia, na chini yake mwanafunzi wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli, herufi zimelala upande: utu + bora. Nikatoa shilingi 100. Kilikuwa Utubora Mkulima cha Shaaban Robert.

Nilianza kukisoma mle mle ndani ya matatu. Jogoo Road ilikuwa imefunga kama ilivyo ada yake jioni, na kwa mara ya kwanza sikuona uchungu wa msongamano. Nikapitiliza steji yangu, nikarudi kwa miguu.

Kwa asiyekijua: Utubora ni karani mjini. Anafanya kazi kwa tajiri, kazi ya kalamu na daftari, yenye mshahara ambao wengi wangeupigania. Anaiacha. Hajafukuzwa, hajaiba, hajagombana na mtu. Anaiacha kwa hiari yake, anakwenda kijiji cha Busutamu kushika jembe. Yaliyobaki, pamoja na mapenzi yaliyomo, siwamalizii utamu.

Mwandishi mwenyewe alizaliwa Vibambani karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na akafariki Juni 1962. Kitabu hiki kilichapwa na Nelson mwaka 1968, mwenyewe ana miaka sita kaburini. Na huyu aliyetuandikia habari za karani aliyetupa kalamu alikuwa karani wa serikali ya mkoloni. Alianzia forodhani mwaka 1926 na karibu umri wake wote wa kazi ulipitia ofisini. Hapo ndipo kitabu kinaponishika. Aliyemtoa Utubora mezani alikuwa mtu aliyekijua kiti cha karani kwa mgongo wake, aliyejua jinsi saa kumi ya alasiri inavyochelewa kufika.

Angalieni pia mwaka wa kuchapwa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Msomaji wa wakati ule angeweza kudhani ni kitabu cha kuwahimiza watu waingie vijijini kwa Ujamaa. Lakini aliyekiandika alikufa karibu miaka mitano kabla ya Azimio, na Utubora hakuhamishwa na serikali yoyote. Huku kwetu Kenya nako Mzee Kenyatta aliwahimiza watu mwaka 1964 warudi mashambani, na tangu hapo sijui ni kiongozi gani hajawaambia vijana wasio na kazi waende wakalime. Utubora hakuambiwa na mtu. Alijituma.

Sasa yangu. Mimi pia nilikuwa karani, karani wa stoo katika kampuni moja ya Industrial Area. Kitabu kilinichoma, lakini nilikisoma vibaya. Nilisoma neno "shamba" nikaacha neno "mkulima". Mwaka 2019 nilikodi ekari mbili kando ya mto fulani, nikamwajiri kijana, nikapanda tikiti maji kwa simu. Nyote mnaujua ukulima wa simu: unatuma pesa kwa M-Pesa, unatumiwa picha. Pesa ya mbegu, picha. Pesa ya mafuta ya pampu, picha. Picha zilikuwa nzuri kweli, majani ya kijani mpaka mwisho wa macho. Miezi mitatu nilikanyaga shamba lile mara tatu tu. Siku ya kuvuna nilikwenda na lori la kukodi, nikapasua tikiti la kwanza, ndani funza. La pili, funza. Nzi wa matunda alikuwa ametaga mapema, wakati ganda lingali laini, na mtego wa kumnasa angeuweka mtu aliye shambani kila siku anayeona kitundu kidogo kama cha sindano kwenye tunda changa. Kijana yule hakunidanganya, nataka hili lieleweke. Alipiga picha alichoona. Shilingi 180,000 zilikwenda na akiba ya miaka minne.

Nyumbani nikakitafuta tena kile kitabu, nikakisoma mara ya pili, polepole. Ndipo nikaona ambacho sikukiona kwenye matatu. Utubora mwenyewe yuko Busutamu. Analala huko. Watu wa kule wanamjua uso.

Korona ilipoingia kampuni ikapunguza watu, nikiwamo. Januari 2021 nikahamia upande wa Masii, ukishapita mji wa Machakos, mahali ambapo sina ukoo wala lugha. Mimi ni mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, wazazi wetu walitoka magharibi, na "nyumbani" kwetu kulikuwa kwa kwenda Desemba na kwa kuzika. Nawauliza: kitabu kilichomtoa mtu Umoja kikamfikisha Masii, tukienzi vipi? Nina pendekezo, lakini nitangulize masikio kabla ya mdomo. Semeni kwanza.

#2 Msomaji wa Kayole

Mkuu, umeandika vizuri, ila mnatudanganya na hizi hadithi za Busutamu. Angalia jina lenyewe, kijiji kinaitwa busu tamu! Shaaban Robert alikuwa fundi wa lugha, hilo sina ugomvi nalo, lakini watu wake wana majina ya tabia zao, mwema ni mwema toka asubuhi mpaka usiku. Kijiji ninachokijua mimi kina kesi za mipaka, kina wivu, kina watu wanaohesabu mabati yako. Mjomba wangu alistaafu akanunua shamba Trans Nzoia, akauziwa kipande ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe. Alikufa na presha. Mwandikie Utubora sura hiyo.

Na mnakumbuka kware? Mwanzo wa 2014 kila mtu alikuwa anafuga kware, yai moja lilikuwa linauzwa kama dawa, baada ya miezi michache hakuna aliyetaka hata bure. Mtu wa Nairobi akisema kilimo, mimi hushika mfuko wangu.

#3 Mwenye uzi

Ndugu wa Kayole, pole kwa mjomba. Sitakupinga kwa mambo ya mipaka, maana mimi mwenyewe niliponea chupuchupu.

Kipande cha kwanza nilichoonyeshwa Masii hakikuwa hiki ninacholima. Nilikutana na mzee, tukaelewana bei, nikatoa rubuni, yaani malipo ya awali. Nilikuwa nimefanya upekuzi wa hati, jina lake lilikuwamo, dai la mtu mwingine halikuwamo. Nikaona mambo safi. Ila shamba la kilimo halihami mkono mpaka bodi ya udhibiti wa ardhi iridhie, na ombi linatakiwa lifike mbele ya bodi ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, la sivyo mkataba wenu ni karatasi. Siku ya bodi mke wa yule mzee akasimama. Hakuwa ameambiwa chochote. Alizungumza kwa Kikamba, sikufahamu neno, lakini nilifahamu. Alikuwa ameshika mikono yake miwili mbele yake, viganja juu, kama anayewaonyesha wazee wale kitu kilichomo. Viganja vilikuwa na sugu nyeusi kuanzia kidole gumba mpaka kidole kidogo. Bodi ikakataa. Rubuni yangu ilirudi kwa vipande vipande miezi kumi.

Niliudhika wiki nzima. Baadaye nikawa nashukuru. Ningeingia kijijini juu ya mgongo wa mama yule, na kila alfajiri ningekutana naye njiani kwenda mtoni.

Kwa hiyo nakubali kwamba kijiji si pepo. Lakini kuhusu majina sikubaliani nawe. Shaaban Robert alimpa mtu jina Utubora kama mzazi anavyompa mtoto jina, akitaka lifuatwe. Ni jina la kufikia. Kwenye kile kitabu changu mtoto wa shule aliligawa vipande viwili akaweka alama ya kujumlisha katikati. Mimi naona alilielewa kuliko wahakiki.

Na kware ni kweli, majirani zangu Umoja walifuga kwenye roshani. Lakini hebu tazama: kware, sungura, tikiti langu, ni ugonjwa mmoja. Tulikuwa tunatafuta mazao, hatukuwa tunatafuta mahali.

#4 Mama wa Kitengela

Naomba niseme kama mwanamke. Nimesoma uzi wote nikicheka kidogo na kulia kidogo.

Kaka zangu, mnashangaa mtu mmoja kwenye kitabu amehamia kijijini. Mimi nilitoka Mombasa mwaka 1998 nikaolewa Ugenya. Sikujua Kijaluo zaidi ya salamu. Mama mkwe alinipokea na maji ya kuoga, usiku nikalala, alfajiri akanigongea. Hakusema neno. Akanipa mtungi, akatangulia. Nikamfuata kwenye umande mpaka kisimani, na njia nzima alikuwa anagusa miti kwa fimbo, huu, halafu huu, halafu huu, ili nijue pa kukata kona siku nitakayokuja peke yangu. Miezi mingi nilipika jikoni kwake kabla sijawa na meko yangu. Nilipikiwa kwanza, nikapika naye, mwisho nikapika mwenyewe.

Kila mke wa nchi hii aliyeolewa mbali ni Utubora, ila hakuna aliyemwandikia kitabu. Hatukuacha mshahara tu, tuliacha na mama zetu. Nawaomba mkienzi kitabu hicho muwaenzi na hawa. Sisemi kwa ubaya, Shaaban Robert huyo huyo ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini aliyeingia mjini akaimba mpaka akaenda kurekodi sahani zake Bombay, India. Alijua kuhama ni nini, na alijua wanawake wanahama.

#5 Mwenye uzi

Mama wa Kitengela, nimesoma jibu lako mara tatu, na mara ya tatu nimelisoma kwa sauti. Hapa ulipofika ndipo pendekezo langu lilipokuwa linaelekea, ila wewe umefika mapema. Ngoja niwaeleze habari za Susu.

Susu kwa Kikamba ni bibi. Jina lake silitaji, hapendi. Ana miaka themanini na kitu, ni jirani yangu wa upande wa chini, minyaa ndiyo mpaka wetu. Shamba langu nililikuta limeinama kama paa. Mvua za kwanza, Aprili 2021, zilishuka nikiwa mlangoni natabasamu, nikidhani nimebarikiwa. Asubuhi mahindi yangu yalikuwa kwa Susu. Namaanisha mahindi yenyewe, miche imelala kwenye tope upande wake wa minyaa, na udongo wangu mwekundu umemwagika mpaka kwenye mbaazi zake.

Nilikwenda kuomba radhi. Alinitazama miguu, nilikuwa nimevaa raba za mjini, akaniambia kwa Kiswahili chake: "Udongo wako umekuja kunisalimia kabla yako."

Kweli nilikuwa na miezi mitatu pale na nilikuwa sijaenda kwake hata siku moja. Nilikuwa nikipunga mkono kutoka mbali, Kinairobi.

Wiki iliyofuata akaja na kina mama kumi na mmoja na wazee wawili. Wenyewe wanaita mwethya, kikundi cha kufanyiana kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Mzee mmoja alikuwa na miti miwili ya urefu sawa na kamba katikati, na kwenye kamba ameninginiza pima maji, ile ile ya mafundi wa nyumba. Mtu huku, mtu kule, wa tatu katikati anaangalia povu. Povu likikaa katikati, unachomeka kijiti. Wanasogea hatua, wanapima tena. Vijiti vilizunguka kilima changu kwa mstari ambao jicho langu lingeapa umepinda, kumbe umenyooka kwa hesabu ya maji.

Halafu mtaro. Upana kama mkono kuanzia kiwiko na zaidi kidogo, kina hivyo hivyo. Nilichimba kwa nguvu zote za kiume, natupa udongo chini kwenye mteremko, maana ndiko unakokwenda wenyewe kwa urahisi. Susu akanishika jembe. "Fanya juu." Nikadhani ananiambia niongeze kasi. Akachukua jembe lenyewe, bibi wa miaka ile, akachota udongo kutoka ndani ya mtaro akautupa upande wa juu ya kilima. Unatua kwa mlio mzito, pu. Tena. Tena. Unajengeka tuta juu ya mtaro. Mvua ikija, udongo unaoteremka unagonga tuta unabaki pale. Msimu baada ya msimu nyuma ya tuta panajaa, mpaka mteremko unakuwa ngazi. Juu ya tuta wakanipandia majani ya makarikari yashike. Hiyo ndiyo fanya juu ya Ukambani, na jina hilo hilo la Kiswahili ndilo wataalamu wa udongo wanalolitumia hata ng'ambo.

Wakati wa kupumzika, chini ya mwembe, uji wa mtama unazungushwa, Susu akanipa habari. Baba yake alikuwa mmoja wa waliokwenda Nairobi kwa miguu mwaka 1938 nyuma ya Muindi Mbingu, mkoloni aliponyang'anya Wakamba ng'ombe akidai wamezidi na wanaharibu ardhi. Walipiga kambi mjini wakikataa kurudi mpaka wasikilizwe, na mwisho Mbingu akafukuziwa Lamu. Sisi wa Nairobi tunapita Muindi Mbingu Street kununua samaki City Market, ni wangapi tunajua jina hilo ni la nani? Baada ya ng'ombe, akasema Susu, walichimbishwa mitaro. Chifu anasimama na kiboko, unachimba shamba lako mwenyewe kama mfungwa. Wengine waliichukia mitaro mpaka wakaifukia usiku. "Ile tulichimbishwa. Hii," akaonyesha kilima cha mbele, ngazi juu ya ngazi mpaka kileleni, "hii tulichimba."

Ndugu wa Kayole, soma hapo tena. Miaka ya 1930 maofisa wa mkoloni waliandika kwamba Machakos imekwisha, mmomonyoko umeila. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko ile. Kuchimbishwa na kuchimba. Mimi nilikuwa na kitabu kizima begani kinachoeleza tofauti hiyo, nikahitaji bibi anisomee.

Basi siku iliyofuata nilikwenda na kitabu kwenye mwethya. Nikaomba ruhusa niwasomee wakati wa uji. Msichana wa kidato cha pili alikuwa akifasiri kwa Kikamba palipokuwa pagumu, na Kiswahili cha Shaaban Robert kina pagumu, kina sentensi ndefu kama kamba ya kisima. Wakasikiliza. Nilipofika pale anapoacha ukarani, mzee mmoja akapiga ulimi mdomoni kwa huruma, kama umempa habari za msiba. Kina mama walitaka kujua kama ana mke. Nikasoma, nikasoma, nikafunga.

Susu alikaa kimya. Kisha akauliza, na msichana akafasiri ingawa nilikuwa nimeshaelewa: "Huyo Utubora, tuta lake la kwanza alilichimba na nani?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa nilizowasomea siku ile halikuwamo. Nimekaa na swali hilo mpaka leo, na ndilo limenifanya nifungue uzi. Sisi wasomaji hupenda sana mtu mmoja anayeondoka mjini akiwa ameshika jembe, jua linachomoza. Susu alimsikiliza mtu huyo kwa heshima zote kisha akatafuta wale wengine kumi na watatu. Mama wa Kitengela naye amewatafuta, akamkuta mama mkwe na fimbo yake anagusa miti.

Pendekezo langu sasa. Nimeona mahali fulani watu wakitaka mwandishi mkubwa aenziwe kwa sanamu, kwa jina la barabara, kwa chakula cha jioni hotelini na hotuba. Sina ubaya nazo. Lakini kitabu hiki kinaitwa Mkulima. Nataka tukisome chote, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, shambani, katikati ya kazi. Mtu anachimba, anapumzika, anasomewa kurasa kumi, anarudi mtaroni. Kiswahili kwa Kikamba, na atakayejua Kijaluo au Kigiriama afasiri kwa mwenziwe. Na pale kitabu kinaponyamaza, tuwasikilize wanaojua.

#6 Kijana wa Umoja

Nimekuwa nasoma tu humu, leo nachangia mara ya kwanza. Nina diploma, nina miaka miwili bila kazi, kila mtu ananiambia niende nikalime. Nikisikia neno hilo huwa nakasirika kwa sababu anayelisema yuko ofisini. Hapa nimesoma mpaka mwisho bila kukasirika. Swali langu dogo: kitabu nitakipata wapi, na je, anayekuja lazima awe ameamua kuhama? Mimi sijaamua kitu.

#7 Mwenye uzi

Kijana wa Umoja, karibu sana. Hasira yako naiheshimu, ishike, ni ya haki. Mtu anayesukumwa kwenda shamba anakwenda kuchimbishwa.

Kitabu: pitia inama za Tom Mboya na River Road siku ya kazi asubuhi, wakati wanapanga. Mwulize mwuzaji vitabu vya zamani vya fasihi, vile vyembamba, mara nyingi huviweka chini ya gunia kwa sababu havina jalada la kuvutia. Ukikosa, nenda maktaba ya McMillan pale Banda Street au tawi lake la Kaloleni uulize. Jengo la Kaloleni ni dogo na zuri, nilikulia humo, na hata wakikwambia hawana utakuwa umeketi mahali pazuri.

Na hapana, huhitaji kuwa umeamua chochote. Mimi mwenyewe bado nina kitanda kwa dada yangu Umoja. Mwaka jana nilivuna magunia saba ya mahindi na mbaazi za kutosha, ndengu zilikauka, kwa hiyo simwambii mtu kwamba nimeokoka.

#8 Msomaji wa Kayole

Nimerudi. Nilikuwa nimekaza shingo, nakiri. Hili la mama aliyesimama mbele ya bodi limenikaa. Mjomba wangu hakuwahi kutueleza aliyemuuzia alikuwa na mke au hana, na sisi hatukuuliza. Mnasoma lini?

#9 Mwenye uzi

Nimezungumza na wenyewe. Mwethya imekubali Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, kabla mvua za vuli hazijaanza, maana udongo ukishalowa mtaro unaporomoka. Siku hiyo zamu ni ya shamba la mama yule niliyewaeleza, yule wa bodi. Sasa ni mwenzetu kwenye kikundi, na mteremko wake ni mkali kuliko wangu. Mumewe atakuwapo.

Matatu za Masii mtazipata kituo cha Country Bus, pandeni za alfajiri ili saa tatu muwe mmefika. Kofia, maji ya kunywa, viatu ambavyo hamtavililia. Chakula kitakuwa isyo, mahindi na maharagwe, na atakayeweza aje na sukari na majani ya chai ya kuchangia jikoni. Msichana wetu sasa yuko kidato cha nne na ameomba asome yeye mwenyewe sura ya kwanza, sitamnyima.

Mama wa Kitengela, Susu amesikia habari zako. Ameuliza kama ile njia ya kisimani bado unaikumbuka, na anataka ukae karibu naye wakati wa uji.

Jambo la mwisho ni majembe. Kikundi kina kumi na manne tu na yote yana wenyewe. Susu amesema kila mgeni aje na lake, mpini uwe umeshakazwa.